Kamba ya Ndama

Umekuja na daftari, kijana wa mjini,
unataka methali za Wafulani, moja, mbili, tatu,
kama anunuaye vitunguu kwa mafungu.
Mama amekukaribisha maziwa, kisha akanyamaza.
Usidhani ni kiburi.
Kwetu methali bila jambo
ni kamba bila ndama:
imelala mchangani, haimzuii yeyote.

Basi mimi Takko, binti wa nne,
nisiye na haya za kutosha, asemavyo shangazi,
nitakupa mambo. Methali utaziokota mwenyewe.

Mwaka ule Ferlo ilikauka hata mbuzi wakala maboksi.
Mashine ya kisima ilikufa siku ya soko.
Baba akawaswaga ng'ombe kusini,
fimbo mabegani, viganja vikining'inia juu yake.
Hakuaga kwa maneno. Alikohoa mlangoni, basi.

Nilikuwa na miaka sita, na nilikuwa nimesikia
kwamba subira hupika jiwe hata ukanywa mchuzi wake.
Nikachagua jiwe jeusi, laini, kama ini la mbuzi,
nikalitia chunguni, nikachochea samadi kavu,
nikakaa.
Jioni Mama akarudi na kibuyu kitupu,
akafunua chungu. Hakucheka.
Akachota kwa upawa, akapuliza, akaonja,
akasema: "Chumvi bado."
Tulikula nini usiku ule, sikumbuki.
Chumvi ile naikumbuka.

Baba alirudi na mvua ya kwanza.
Walioondoka, sitini na wawili.
Waliorudi, hesabu: vidole vya mikono ya mtu na mkewe.
Palikuwa na wageni. Akawauliza habari zao,
habari za watoto, za mbuzi, za barabara,
akanywa maji akiwa amewapa mgongo,
maana mwanamume wa kwetu
haonekani akimeza, wala akilia.
Usiku nikamsikia akiita majina ya waliokufa,
taratibu, kama anayewafungua kamba.

Lakini jambo lenyewe ni hili, liandike au liache:
Mama hajawahi kuita jina la mwanawe wa kwanza.
Hata mara moja. Ndiyo adabu, ndizo haya zetu;
kifungua mimba hupendwa kwa jicho la pembeni.
"Yule," husema. "Mwenye viatu vile." "Huyo wa bibi yenu."
Jina lake Hammadi. Mimi naweza kulisema.

Yuko Hispania, anachuma matufaha ya watu
katika mji usio na ng'ombe hata wa kuchorwa.
Kila Ijumaa simu hulia.
Mama huishika mbali kidogo na sikio,
kana kwamba imetoka jikoni sasa hivi.
Hamuulizi, umekula? Hamwambii, nimekukumbuka.
Humwambia: Oole amezaa, jike, ana doa puani.
Saaye anachechemea.
Wune amekataa kukamuliwa,
anautaka mkono uliomzoesha.
Na upande wa pili, kimya,
kisha makamasi yanavutwa,
kisha: "Mkono wa nani, Mama?"
"Wa huyo," humjibu. "Huyo mwenye kuuliza."

Ijumaa iliyopita laini ilikatika katikati.
Niliona kioo kikizimika shavuni pake.
Mama akaendelea kuwataja ng'ombe,
mmoja mmoja, pembe na rangi na mama zao,
mpaka zizi lote likaisha,
ndipo akaifunga simu kwenye pindo la kanga yake
akaenda kukama.

Kunywa, maziwa yanapoa.
Mtu hamalizi kibuyu cha mwenyeji, acha tama moja chini,
asije mwenye nyumba akadhani umemwonea huruma.
Na hilo jiwe ulilowekea karatasi zako
zisipeperuke na upepo,
lirudishe pale mafigani ukiondoka.
Halijaiva.